Meno Matatu Mtoni

Eda yangu ilikwisha Alkhamisi, na Jumapili yake ndipo nilipovuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu mume wangu Mundhir afariki. Miezi minne na siku kumi. Watu walidhani nitatoka mbio. Mimi ningebaki ndani hata mwaka, si kwa uchungu, bali kwa kutoona tofauti. Chai nilijua ni ya moto kwa kuona mvuke wake. Wageni walikuja wakalia mbele yangu, nikawapa kitambaa cha kufutia machozi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuwapa pole. Mguu ukifa ganzi mtu huukanyaga-kanyaga mpaka ukarudi. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi mzima mzima, na sikujua pa kukanyaga.

Nilitoka kwa sababu ya jambo moja tu. Binti yetu Muzdalifa, mwenye miaka sita, alikuwa bado hajaambiwa kwamba baba yake amekufa, na siku ya kuambiwa ilikuwa imefika.

Ukiuliza mtoto wa darasa la kwanza anakaaje miezi minne bila kujua jambo kama hilo, nitakujibu kwamba watu wazima wakishaamua kusema uongo kwa nia njema, hawana mchezo. Siku Mundhir alipoanguka sokoni Mwanakwerekwe, mkononi kashika mkanda wa mashine alioufuata, Muzdalifa alikuwa Jambiani kwa jamaa zetu, yuko likizo. Akabakishwa huko wiki sita. Aliporudi akaambiwa baba yuko Pemba anatengeneza jenereta, habari ambayo haikuwa ngeni kwake, kwani Mundhir alikuwa fundi wa jenereta na Pemba akienda kila baada ya mwezi. Akaambiwa mama anaumwa mgongo, ndiyo maana hatoki. Mwalimu wa skuli alijulishwa, na wa chuoni anakosoma Kurani, na muuza mihogo wa chini ya nyumba yetu pale Kiponda. Mtaa mzima ulinyamaza. Mtaa huo huo ambao haujawahi kuficha hata nani kaunguza wali.

Tulikubaliana aambiwe nikishatoka eda. Mdogo wangu Rahila alikuwa amesikia redioni kwamba mtoto akipewa habari nzito asipewe akiwa amekaa ndani, bali akiwa anatembea, pahala penye miti na hewa, na watu wake wote wako karibu. Kaka yangu Ghanim ndiye atakayesema. Yeye ana sauti ya mambo hayo, posa hupeleka yeye na misiba hutangaza yeye. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwepo na kumshika mtoto mkono. Nikaona hilo naliweza, maana kuwepo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kwa miezi minne.

"Pahala chagua wewe," Rahila aliniambia. "Wewe ndo mwenyewe."

Nikauchagua mto wa Mwera. Mundhir aliwahi kwenda kule kutengeneza pampu, akarudi na habari kwamba wamefungua njia ya kutembea familia ukingoni mwa mto, ina vibao saba vya maelezo na daraja la mbao, mtoto mdogo anaweza kuimaliza bila kubebwa. Alimwahidi Muzdalifa kumpeleka. Sikuchagua kwa huruma, msinipambe. Palikuwa ndipo pahala pa mwanzo palipokuja kichwani, na sikuwa na nguvu ya kufikiri pa pili.

Ijumaa jioni nikarekodi ujumbe kwenye kundi la familia. Siku hizo kila neno nililitoa kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nikasema, "Jumapili. Saa tatu. Mtoni." Basi. Wakajibu mmoja baada ya mwengine, sawa, inshallah, tutafika. Hakuna aliyeuliza swali. Mjane hasumbuliwi kwa maswali.

Jumamosi Rahila akaja kumsuka Muzdalifa. Mtoto kakaa kwenye mkeka katikati ya miguu yake, na simu ya Rahila imebanwa baina ya sikio na bega, anazungumza na Ghanim. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo watoto ndiyo huisikia vizuri zaidi, "Suala la babake, tutamwambia kesho hukohuko mtoni." Muzdalifa hakugeuka. Kichwa kilikuwa kimeshikwa. Lakini aliposhaachiwa alikwenda moja kwa moja chumbani, nikasikia droo ya Mundhir inafunguliwa na kufungwa.

Jumapili tulikodi gari, tukafika saa tatu kasorobo. Langoni palikuwa na mzee mmoja, jina lake limeandikwa kifuani, Borafya, na mbele yake pana meza na daftari kubwa. Muzdalifa akamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jina la mkuu wa familia?" Aliniuliza mimi, kalamu tayari.

Muzdalifa akanitangulia.

"Mundhir."

Mzee Borafya akaandika Mundhir, taratibu, herufi moja moja. "Watu wangapi?"

"Sisi wawili," nikasema. "Wengine wanakuja."

"Watatu," alisema Muzdalifa. "Mmoja yupo ndani."

Sikumsahihisha. Nilidhani ni maneno ya kitoto, na hata kama yasingekuwa, kusahihisha watu ni kazi, nami nilikuwa nimeacha kazi zote. Mzee akaandika tatu.

Tukangoja. Saa tatu ikapita, tatu na nusu ikapita. Simu yangu haikuwa na mtandao. Mzee Borafya akasema mtandao huko bondeni haufiki, mpaka mtu apande hadi kwenye kibao cha sita. Familia moja ilipita na watoto watano na mpira na hotpoti ya chapati, wakatuamkia, wakaingia. Muzdalifa alikuwa amevaa gauni lake la Idi na viatu vya skuli, na mkono wake mmoja haukutoka mfukoni hata mara moja.

"Mama, twende. Atachoka kusubiri."

"Nani?"

Akaniangalia kama ninavyomwangalia yeye akiniuliza kwa nini usiku ni giza. "Twende," akasema tena.

Tukaingia. Nilijiambia Ghanim atatukuta njiani, ana miguu mirefu.

Njia ilikuwa nzuri, nadhani. Naieleza kama mtu anavyosoma orodha: mizambarau, michikichi, maji mekundu kama chai ya rangi yakipita taratibu chini, kaa wadogo kwenye matope, kima juu wakirushiana maganda. Nilikuwa naviona vyote na hakuna hata kimoja kilichoniingia. Kwenye kibao cha kwanza paliandikwa habari za chemchemi. Muzdalifa hakusoma. Aliangalia nyuma ya kibao, kisha akaniangalia mimi.

"Hapa?"

"Bado," nikasema. Nilidhani anauliza mwisho wa njia.

Kwenye kibao cha pili palikuwa na lile daraja la mbao. Ile familia ya mpira ilikuwa imesimama hapo, baba yao kambeba mdogo begani ili aone kambare. Muzdalifa alimtazama yule baba muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayekagua kitu ambacho naye anacho nyumbani. "Hapa?" Bado. Cha tatu, bado. Cha nne alikimbia mbele, akapotea kwenye kona, nikasikia viatu vyake vya skuli vikipiga ardhi, halafu kimya, halafu akarudi akitembea. Hakuuliza. Kwenye cha tano alikaa juu ya mzizi akavua kiatu, akatoa kijiwe, akavaa tena, na kwa muda huo wote ule mkono mmoja uko mfukoni, kila kitu anakifanya na wa pili. Ningelikuwa mama ningeuliza una nini mfukoni. Nilikuwa mtu aliyefuatana naye tu.

Kibao cha sita kilikuwa juu ya kilima kidogo, mto unauona chini kote. Hapo simu ikaamka. Ilitetemeka mkononi mwangu bila kusita, ujumbe juu ya ujumbe. Mko wapi? Tushafika. Tuko Mtoni tangu saa tatu. Rahila ametandika mkeka kwenye magofu. Mbona hampokei simu?

Nikapiga. Ghanim akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ghaliya, mko wapi?"

"Tuko mtoni."

"Na sie tuko Mtoni. Nimezunguka magofu yote, sikuoneni."

"Magofu gani, Kaka? Tuko mtoni. Mwera. Mtoni kwenye maji."

Nikasikia upepo wa bahari kwenye simu yake, nikaelewa. Mtoni, mtaa ule wa kaskazini ya mji, pwani, penye magofu ya kasri. Familia nzima, watu kumi na mmoja na vyungu vya pilau, walikwenda Mtoni kwa sababu mimi nilisema Mtoni, nami sikuwa na nguvu ya kuongeza neno moja, Mwera, ambalo lingetosha. Wakati mwengine tungelicheka hilo mpaka Idi mbili zikapita. Ghanim hakucheka.

"Nilidhani unataka pahala pa wazi karibu na mji," alisema. "Nikaona nisikusumbue kukuuliza. Sikiza. Nnakuja sasa hivi, nusu saa, dakika arubaini. Usimwambie kitu mpaka nije. Umenisikia? Usimwambie."

Sauti ya Ghanim, nimekwisha kusema, ni sauti ya kutangazia. Nilipokata simu Muzdalifa alikuwa amesimama karibu yangu, kakunja uso.

"Kwa nini Mjomba hataki tumwambie?"

"Tumwambie nani?"

"Baba."

Nikakaa chini, palepale kwenye majani makavu.

"Mama mdogo kasema jana," alisema. "Suala la Baba, tutamwambia mtoni. Ndo n'kaja na habari zangu. Lakini vibao vimebaki kimoja na hajaonekana. Au yuko kule walikokwenda wao?"

Nililisikia lile neno upya, kama lilivyoingia sikioni mwake. Tutamwambia. Lugha yetu haisemi nani. Sisi tulimkusudia yeye, naye akamkusudia baba yake, akavaa gauni la Idi akaja kumuona. Kila kibao alichoangalia nyuma yake alikuwa akimtafuta mtu.

"Habari gani ulizonazo?" nikamuuliza.

Ndipo mkono ulipotoka mfukoni. Alikuwa ameshika kiberiti cha Mundhir, kile kisanduku chake cha kuwekea skrubu ndogondogo. Akakisukuma kwa kidole. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na meno matatu.

Katika nyumba yetu jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa, kama kwenye nyumba nyingi, na wa kulirusha alikuwa Mundhir. Jino la kwanza alilirusha mwenyewe, mwezi mmoja kabla hajafa. Hakutumia maneno ya watu. Alilipa anwani kama mzigo wa meli: jino la Muzdalifa binti Mundhir, la chini, la kulia, limepelekwa, jipya lije upesi. Muzdalifa alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya yametoka Baba hayupo," alisema sasa. "Hili Jambiani. Hili skuli, Mwalimu kanifungia kwenye karatasi. Na hili nyumbani."

"Nyumbani lini?"

"Ulikuwepo. Nilikuonesha."

Nikamshika kidevu, nikamfungua mdomo, nikatazama. Mapengo matatu na jino moja jipya linachomoza kwenye lile pengo la zamani. Nilikuwa nimemlisha mtoto huyu mdomo huo huo asubuhi, mchana na usiku. Nilikuwa nimemwosha uso. Alinionesha jino lake mkononi, nami sikuliona. Niliona aibu, na lile lilikuwa jambo la kwanza kuniuma tangu Mundhir afe. Liliuma pahala hasa, hapa chini ya koo, nikalijua.

Ghanim kasema nimngoje. Nilimtazama mtoto, nikatazama meno, nikaona siwezi kumwacha aende mpaka kibao cha saba akaangalie nyuma yake.

"Muzdalifa. Baba hayuko Pemba."

Akatazama njia ya kwenda kibao cha saba.

"Wala hayuko kule Mtoni. Baba amekufa."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa watu wote na sijalisema mimi hata siku moja. Wengine husema ametangulia, amefariki, hatunaye. Nikaona nikisema hatunaye ataniuliza basi nani anaye.

Hakulia. Alikiangalia kiberiti. Akatia kidole ndani, akalisogeza jino moja.

"Lini?" akauliza. "Baina ya hili na hili?"

"Kabla ya hilo la Jambiani."

"Kabla ya yote?"

"Kabla ya yote."

Akafikiri. Kima walikuwa wakipiga kelele juu yetu na ile familia ya mpira ilitupita, wakatuuliza kama tumechoka, nikasema tumechoka. Muzdalifa akakifunga kiberiti, akakitia mkononi mwangu.

"Basi rusha wewe," akasema.

Kwenye kibao cha saba kulikuwa na kibanda cha kupumzikia, kina paa la bati, si refu. Alinisimamisha kwa umbali aliokuwa akisimama Mundhir, akanisogeza kidogo nyuma, kisha kidogo kushoto. La kwanza likagonga bati, ta, likabaki juu. Akanambia sikusema anwani, kwa hiyo hilo halijui liende wapi, ila si kitu. La pili nikalisemea: jino la Muzdalifa binti Mundhir, la juu, la mbele. Likagonga, likateleza, likarudi chini, tukalitafuta kwenye mchanga sote wawili kwa magoti mpaka tukalipata, nikarusha tena. La tatu alilisemea yeye mwenyewe, na aliposema binti Mundhir sauti yake ikakatika katikati ya jina. Akanishika sketi akalia, uso kautia tumboni mwangu. Nilimshika. Nilingoja nami nilie, sikulia. Nilihisi joto la pumzi yake kupitia nguo, nikajua ni ya moto bila ya kuona mvuke.

Kutoka hapo mpaka langoni si mbali. Mzee Borafya alikuwa palepale na daftari lake. Akatuhesabu kwa kalamu.

"Hapa n'meandika watatu, Bi. Siwezi kufunga mstari mtu yuko ndani."

"Ni wawili," nikasema. "Wa tatu hakuingia."

Alitaka kuuliza, akaiona sura ya mtoto, akafuta tatu akaandika mbili. Jina la Mundhir aliliacha pale juu, nami sikumwambia alifute.

Ghanim akafika hapo, gari lake limejaa vumbi, Rahila nyuma na mkeka bado kaukunja mapajani. Alishuka akiwa tayari na uso wa kazi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, nilimjua. Akachutama mbele ya Muzdalifa, akamshika mabega.

"Mwanangu," akaanza, "Mjomba ana jambo anataka—"

"Nshaambiwa," alisema Muzdalifa.

Ghanim akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Mikono yake ikabaki pale mabegani, haina pa kwenda.

"Mjomba, wewe ulikuwa ukijua?"

"Naam," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikutosha kutangaza kitu.

"Na Mama mdogo?"

Rahila alikuwa amekwisha kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na Mwalimu? Na yule wa mihogo?"

"Wote, mwanangu."

Muzdalifa akatuhesabu, mmoja mmoja, kwa kidole, hata mzee Borafya alimtilia. Mapengo yake yalionekana kila alipofungua mdomo.

"Basi ambao tulikuwa hatujui," alisema, "ni mimi na Baba tu."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya lango, mbele ya mzee na daftari lake. Nililia kwa sauti, na Muzdalifa akanisogezea ukingo wa gauni lake la Idi nijifute.